Cheti cha CCNA: ada ya chuo si ada ya mtihani

Wazazi wanatupigia simu studio wakiuliza kama wauze ng'ombe ili kijana akasome mitandao ya kompyuta mjini. Tukiwauliza ada hiyo ni ya nini, wanajibu: cheti cha CCNA. Hapo ndipo penye mkanganyiko.

Chuo kinafundisha tu. CCNA hutolewa na kampuni ya Cisco ya Marekani kwa aliyefaulu mtihani wake wa dakika 120. Mtihani huo ni dola 300, bila kodi, na ukifeli unalipa upya. Karatasi ya kumaliza kozi, hata iwe na nembo ya kupendeza, siyo CCNA. Na CCNA yenyewe inadumu miaka 3, kisha inahuishwa.

Cisco haidai shahada. Lakini mtihani haupo kwa Kiswahili, na kupanga ruta, swichi na anwani za IP hakujifunzwi kwa kukariri. Mazoezi yanafanyika kwa Packet Tracer, programu ya bure inayoiga vifaa hivyo, ila inataka kompyuta. Kijana mwenye simu peke yake atakwama, na hili vyuo vingine havilisemi.

Kwa anayeanza kabisa, ipo ngazi ya chini, CCST, ya dola 125. Sisi tungemshauri aanzie hapo.

Kabla ng'ombe hajatoka zizini, mwulizeni mkuu wa chuo: ada hii ina mtihani ndani yake? Na mtoto wetu atapata kompyuta saa ngapi kwa wiki? Majibu yaandikwe kwenye risiti.