Basket ya wanafunzi Kaniama: saa ya kuhesabu mpira haingoji umeme

Ekipe moja inaongoza kwa pointi mbili, zinabaki dakika tatu. Wanafunzi wake wanapitishiana mpira katikati ya kiwanja, hakuna anayetazama kikapu. Wale wengine wanakimbilia mpira mpaka wanachoka, wanashika mtu kwa nguvu, mwamuzi anapiga filimbi, na kelele inaanza kwa watazamaji. Hakuna kanuni ya kuwakataza wenye mpira kuutunza, lakini mchezo umekufa na hasira imeamka.

Ugonjwa huu si wa Kaniama peke yake. Kule Marekani, tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons walishinda Minneapolis Lakers 19 kwa 18, kwa sababu walikaa na mpira bila kuutupa. Mwaka wa 1954, NBA ikaweka sekonde 24: ekipe isipotupa mpira kwenye kikapu ndani ya wakati huo, wengine wanaupata. FIBA, shirikisho la dunia, nayo ikaweka saa yake mwaka wa 1956.

Wanaopinga saa hiyo kwa wanafunzi wana sababu zao. Wanasema ni kitu cha watu wenye umeme na viwanja vya simenti. Kwenye kiwanja cha udongo mpira haurudi vizuri mkononi, na sekonde 24 zinaweza kwisha mbele mtoto hajapata nafasi ya kutupa. Tena, shule ndogo yenye mpira mmoja tu wa kujizoeza, silaha yake mbele ya shule kubwa ni kutunza mpira. Ukimnyang'anya silaha hiyo, atafungwa vibaya. Maneno hayo si ya kucheka.

Lakini yanahusu hesabu ya sekonde, hayaonyeshi kwamba saa haifai. FIBA yenyewe ilianza na sekonde 30, ikashuka kwa 24 mwaka wa 2000 tu. Kule Marekani, shirikisho la shule za sekondari liliruhusu kila jimbo kutumia sekonde 35 tangu msimu wa 2022-2023, bila kulazimisha mtu. Kama wao walienda polepole, Kaniama haina sababu ya kurukia 24.

Juu ya umeme, jibu liko katika kanuni za FIBA za basket ya watu watatu kwa watatu. Mahali ambapo saa haiko na ekipe inalalia mpira, mwamuzi anaionya kwa kuhesabu sekonde tano za mwisho kwa sauti. Hapa pia mtu mmoja mezani mwenye simu anatosha. Zikibaki sekonde kumi anainua mkono, zikibaki tano mwamuzi anahesabu, kila mtu anasikia. Mwenye kushika simu asiwe wa shule yoyote kati ya zile mbili zinazocheza, kama sivyo ugomvi utatoka kiwanjani na kuhamia mezani.

Mwenye kupoteza zaidi leo ni mtoto mwenye kipaji. Siku atakapopanda gari-moshi kwenda Kamina ao Lubumbashi, mji alikozaliwa Bismack Biyombo wa NBA, atakutana na ekipe zinazocheza kwa sekonde 24. Ataonekana hajui basket, kumbe hakufundishwa kuamua haraka.

Basi maprefe na walimu wa michezo wakae pamoja mbele ya Septemba, waanze na sekonde 35 kwa msimu mmoja, wavulana na wasichana. Mwisho wa msimu wapime: kama ugomvi umeongezeka, waache, kama umepungua, washuke kwa 30. Kujaribu hakutaomba feza nyingi, ni simu moja na mtu mmoja asiyependelea.