Damu Yetu Ina Bei Gani?

Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 halikututafuta sisi. Lililenga ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Lakini katika watu 213 waliokufa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa wetu: makarani, wapita njia, abiria wa basi, wasichana waliokuwa wakisomea uhazili Ufundi House. Wengi waliokimbilia madirishani waliposikia mlio wa kwanza walipofuliwa na vioo.

Fidia ilipokuja tukaona hesabu za wakubwa. Sudan, iliyokuwa imempa Osama bin Laden makao, ilitoa dola milioni 335 ili iondolewe kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Familia ya mfanyakazi wa Kimarekani aliyeuawa ubalozini ilipangiwa dola milioni 10. Ya Mkenya au Mtanzania aliyeuawa akiufanyia kazi ubalozi uo huo, dola 800,000. Na mama aliyekuwa akijipitia njia yake? Hakuwemo kabisa. Dini gani, sheria gani, inapima maiti kwa pasipoti?

Sudan yenyewe ina yake. Siku 13 baada ya Nairobi, makombora ya Marekani yalibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, kwa madai kwamba kilitengeneza sumu ya kivita. Ushahidi wa kuridhisha hatujauona hadi leo. Mwenye kiwanda alikwenda kudai haki yake katika mahakama za Marekani, nazo zikasema hilo ni jambo la kisiasa, si la majaji. Sudan ililipa, Marekani haikulipa. Mkuki kwa nguruwe.

Januari 2015, baada ya mashambulizi ya kigaidi Paris, viongozi wa dunia zaidi ya 40 waliandamana huko wameshikana mikono, na sisi tuliwalilia Wafaransa kwa dhati. Aprili 2 mwaka huo huo watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Ni kiongozi gani aliyekuja kushikana nasi mikono? Mwaka uliotangulia, onyo la Uingereza lilitosha kuwapakia watalii wake ndegeni kutoka Mombasa katikati ya likizo. Hoteli zikafungwa, wapishi na mabichi boi wakabaki mikono mitupu.

Halafu tunasomewa somo la haki za binadamu. Serikali yetu ilipowasomba maelfu ya Wasomali wa Eastleigh na kuwazuia uwanja wa Kasarani, Aprili 2014, ilistahili kulaaniwa, nasi tunailaani. Lakini Mohammed Abdulmalik, Mkenya, alikamatwa Mombasa Februari 2007, akakabidhiwa Wamarekani, akafungiwa Guantánamo hadi Desemba 2024. Miaka karibu 18, bila kufunguliwa shtaka hata moja. Kama alikuwa na kosa, mahakama zilikuwapo. Nchi ipi iliiwekea Marekani vikwazo kwa hilo?

Kila Agosti 7 wakubwa huja kuweka mashada kwenye bustani ya kumbukumbu, huku waliopofuka wakishikwa mkono kufikishwa vitini. Hao wanataka pesa za matibabu. Mabunge mawili, la Nairobi na la Washington, yana uwezo wa kuzitenga, na yametazamana kwa miaka mingi.