Safari huuzwa leo, bajeti husomwa Juni

MEZA YA JUMAMOSI
Na Anaeli Kaaya

Ikifika wiki ya pili ya Juni, wenye kampuni za safari hapa Arusha huacha habari za nyumbu wakaanza habari za Dodoma. Waziri wa Fedha anasoma bajeti, redio ya ofisini imefunguliwa sauti ya juu, na kila linapotajwa neno "tozo" kuna mtu anaandika kitu pembeni ya karatasi. Mengi yatakayopitishwa yataanza kutumika 1 Julai. Na 1 Julai ndiyo msimu wenyewe: nyumbu wa Serengeti wanaelekea Kogatende, kambi zimejaa, na mgeni atakayepita geti la Naabi wiki hiyo alishanunua safari yake siku nyingi, pengine tangu mwaka uliopita.

Ugomvi wangu leo ni huo tu: tarehe. Sigombi na kodi yenyewe. Nchi inayotaka barabara zinazopitika masika na askari wa kuzuia ujangili lazima ipate fedha mahali fulani, na mgeni mwenye uwezo wa kupanda ndege kutoka Marekani kuja kuona simba hatashindwa na dola chache za ziada. Lakini utalii ni biashara ambayo bei yake hutajwa mwaka mmoja kabla ya bidhaa kutumika, na sisi tunaitoza kana kwamba ni grosari, ambapo bei mpya hubandikwa ukutani asubuhi na mteja akachagua kunywa au kuondoka.

Najua nitaambiwa nitazame takwimu. Nimezitazama. Mwaka 2019 tulipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Corona ikaja, mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Filamu ya Royal Tour ikazinduliwa 2022, ndege zikarudi, na mwaka 2024 tukavuka wageni milioni 2.1 walioacha nchini karibu dola bilioni 3.9. Ni kazi kubwa na waliofanya wapewe haki yao. Basi mtu akisoma namba hizo atauliza, kelele za nini?

Kelele ni za mwenye magari mawili. Huyu hana hoteli, hana ndege, hana ofisi London. Ana Land Cruiser mbili zilizokatwa paa, moja bado inadaiwa benki, ana madereva wawili, mpishi mmoja wa kuitwa kazi ikipatikana, na binti mmoja wa kujibu barua pepe. Serikali ilimfanyia jambo la maana ilipopunguza ada ya leseni ya TALA kwa kampuni ndogo za wazawa kutoka dola 2,000 hadi 500. Wengi waliokuwa wakifanya kazi kwa kujificha chini ya leseni za wenzao wakatoka hadharani. Bado anapita BRELA, TRA, OSHA, Zimamoto, NSSF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, halmashauri na ushuru wake wa huduma, lakini hizo zote anazijua. Anaziweka kwenye hesabu zake za Januari na maisha yanaendelea. Kinachomwamsha usiku ni ile asiyoijua.

Tazama anavyouza. Mgeni anaandika kutoka Ujerumani mwezi Septemba, anataka kuja Julai inayofuata. Binti anapiga hesabu, anatuma bei kwa dola, wanavutana wiki mbili, wanakubaliana. Mgeni anatuma arbuni. Kuanzia hapo bei imefungwa. Dizeli inaweza kupanda, shilingi inaweza kuyumba, hayo ni mambo ya biashara na mfanyabiashara mwenye akili huyaachia nafasi kidogo. Viingilio vya hifadhi, hata hivyo, si nafasi kidogo. Ndiyo sehemu kubwa ya bei yenyewe.

Kwa viwango vya mwaka 2024, mgeni mtu mzima asiye mkazi aliingia Serengeti msimu wa wageni wengi kwa dola 70, na ukiongeza VAT inakuwa 82.60. Kulala kambi ya umma ilikuwa 35.40. Ngorongoro kiingilio kilikuwa 70.80, na gari kushuka kreta ilikuwa dola 295. Wageni wanne, usiku mmoja Serengeti na siku moja ya kreta: dola 1,050 na senti. Hapo sijahesabu ile mara ya kwanza ya kukatiza Ngorongoro mkienda Serengeti, ambayo nayo hulipiwa, wala lita moja ya dizeli, wala yai la kifungua kinywa. Na kibali ni cha saa 24. Ndiyo maana ukiwa barabara ya Seronera kwenda Naabi muda ukikaribia kuisha utapishana na magari yanayokimbizana na saa, vumbi tupu, wageni wameshika vyuma. Dereva akichelewa, kampuni inadaiwa siku nyingine. Ukitaka kujua bajeti ya safari imekazwa kiasi gani, mtazame dereva huyo.

Sasa rudi 2016. Bajeti ilisomwa 8 Juni. Ndani yake ilikuwamo VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii, ambazo hadi siku hiyo zilikuwa zimesamehewa. Ikaanza kutozwa 1 Julai. Siku 23. Wenzetu wa Kenya, katika bajeti ya mwaka huo huo, walikwenda upande wa pili, wakaondoa VAT kwenye viingilio vya hifadhi. Chama cha mawakala, TATO, kilipiga kelele. Serikali ikajibu kwamba kodi hiyo hailipwi na mfanyabiashara, hulipwa na mlaji.

Kitabuni ni kweli. Lakini mlaji wa Julai 2016 alikuwa ameshalipa! Nani angempigia simu Munich kumwambia atume dola nyingine mia kadhaa, zikiwa zimebaki wiki mbili apande ndege? Wapo waliojaribu. Wageni wengine walielewa, wengine walitishia kuvunja safari, na mawakala wa Ulaya wengi walijibu kwa sentensi moja: bei ni ile tuliyokubaliana.

Hawakuwa wakorofi. Wanabanwa na sheria zao. Katika Umoja wa Ulaya, wakati ule na hata kwa kanuni inayotumika tangu Julai 2018, anayeuza safari ya kifurushi haruhusiwi kumpandishia mteja bei zikiwa zimebaki siku chini ya 20 kabla ya kuondoka. Kabla ya hapo anaweza, kama mkataba unaruhusu na sababu ni kodi, mafuta au sarafu, lakini ongezeko likizidi asilimia 8 mteja ana haki ya kujitoa bila adhabu. Linganisha hizo siku 20 na siku 23 za Dodoma. Wakala wa Munich ana sheria inayomlinda mteja wake. Wa Arusha, aliye mwisho wa mnyororo, ndiye anayebaki na ankara.

Anabaki nayo kwa namna gani? Mkubwa anaimeza. Mwenye hoteli zake mwenyewe atapunguza faida upande huu na kuifidia upande ule, na mikataba yake imeandikwa na mawakili. Mdogo asiyefikisha kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT hawezi hata kudai marejesho. Ile asilimia 18 ya getini ni gharama yake moja kwa moja. Basi anatafuta pa kupunguza, na pa kupunguza ni pachache. Gari halifanyiwi matengenezo kwa wakati. Dereva anaambiwa posho itafuata. Kule Kilimanjaro wanaoumia ni wagumu, wale vijana wanaobeba mahema na majiko hadi kambi ya Barafu. Kiwango chao cha siku, dola 10, kiko kwenye karatasi tangu kitambo, na mzigo usizidi kilo 20. Wanaolipwa pungufu wapo, wanaobebeshwa zaidi wapo, na shirika la kuwatetea lenye makao Moshi limefanya kazi ya kuwafuatilia kwa miaka mingi. Siwatetei mabosi wanaofanya hivyo. Wengine ni wachoyo tu na wangefanya hata bila kodi. Lakini kila dola inayoangukia kampuni baada ya bei kufungwa huteremka, na wa mwisho kuipokea ni yule asiye na wa kumteremshia.

Nimesikia hoja ya Wizara na ina uzito. Baada ya VAT ile wageni hawakupungua. Mwaka 2015 walikuwa milioni 1.14, mwaka 2016 wakawa milioni 1.28, mwaka 2017 milioni 1.33. Waliotabiri maafa waliaibika, na mimi sitawatetea. Ila namba hizo zinahesabu wanaoingia nchini. Hazihesabu nani alilipa tofauti ile, wala kampuni ngapi ndogo zilirudisha leseni, wala gari ngapi zilichukuliwa na benki. Mgeni alikuja, akaona chui, akapiga picha, akarudi kwao. Kwake hakuna kilichotokea.

Majirani wamepita njia hii. Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500, mara mbili, kuanzia siku ile ile ya tangazo. Ukatili mtupu, ungesema. Lakini waliokuwa wamekwisha kununua vibali hawakuguswa. Uganda ilitoka dola 600 ikaenda 700 Julai 2020, kisha 800 Julai 2024, na mara zote mbili mawakala walitangaziwa mapema, wakaandika bei mpya kwenye vitabu vyao vya mwaka unaofuata. Sisi pia tunaweza. Shirika la hifadhi, TANAPA, lenyewe limewahi kutoa viwango vipya kwa notisi ya kutosha, na hakuna aliyeandamana. Tabu hutokea kodi inapotoka kwenye meza nyingine, Fedha, Mambo ya Ndani, Bima, halmashauri, ambako kalenda ya mgeni haijulikani.

Zanzibar ilianza kumtaka mgeni wa kigeni anunue bima ya dola 44 tarehe 1 Oktoba 2024. Bima si jambo baya. Mtu akivunjika mguu Nungwi lazima mtu alipe. Lakini aliyenunua fungate yake kabla ya tangazo alikuta ana deni jipya, wawili dola 88, na wa kumweleza alikuwa mwenye nyumba ya wageni, si mwenye bima.

Na kutabirika si kodi peke yake. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi na vurugu zilizofuata, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliopoteza ndugu wana msiba ambao hesabu za biashara hazina haki ya kujilinganisha nao. Nataja tu la upande wa ofisi zile ndogo: mgeni aliyekuwa ameona habari kwenye televisheni ya kwao aliuliza kama aje, akakosa jibu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kampuni kubwa yenye ofisi Ulaya ilimjibu kutoka huko. Ndogo ilijibu intaneti iliporudi, na wapo waliokuta mgeni ameshahamia kwingine.

Mwaka 2018 serikali iliandika mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule tuliozoea kuuita Blueprint, na tangu hapo tozo kadhaa zimefutwa au kuunganishwa katika sekta mbalimbali. Heri. Lakini hata zikibaki tatu, moja ikiongezwa ghafla mwezi Juni hasara ni ile ile.

Ninachoomba kinaenea kwenye kifungu kimoja cha Sheria ya Fedha: kodi, ada au tozo yoyote mpya inayomgusa mtalii, na ongezeko lolote la iliyopo, ianze kutumika si chini ya miezi 12 tangu itangazwe, na 18 kama ni ya viingilio vya hifadhi. Nilifikiria pia kuomba waliolipa arbuni waheshimiwe kwa bei ya zamani kama ilivyofanya Rwanda, lakini nawajua watu wangu. Kibali cha sokwe ni karatasi moja yenye jina la mtu na tarehe. Arbuni ya Arusha ni ujumbe wa WhatsApp na risiti ya benki, na kufikia wiki ya pili kila mtu angekuwa na risiti za mwaka jana. Notisi ni rahisi zaidi, na haina mwanya wa kughushi.

Hazina itasema haiwezi kungoja miezi 18. Itangoja mara moja tu. Baada ya hapo kila mwaka kutakuwa na ongezeko linaloanza, lililotangazwa mwaka mmoja au zaidi nyuma, na makusanyo hayatapungua hata senti. Wabunge wa Arusha, Kilimanjaro, Mara na Manyara, ambao wapiga kura wao ndio madereva, wapishi na wagumu, wana nafasi ya kulipeleka hili kwenye kamati kabla hotuba ya Juni haijaandikwa. Bunge la bajeti huanza Aprili. Kufikia hapo safari nyingi za Julai zitakuwa zimeshauzwa.