Na Fisi Je?

Wiki chache baada ya Pasaka, vijana wa kanisa letu hapa Kabuga waliwaonyesha watoto filamu ya The Lion King, ile ya katuni ya 1994. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, watoto wamebanana kwenye mikeka. Ilipokwisha, kiongozi mmoja alisimama kufafanua: Mufasa ni Mungu Baba, Simba ni Yesu, Scar ni Ibilisi, mvua ya mwishoni ni Roho Mtakatifu. Watoto wakapiga makofi. Kisha mvulana wa miaka kama minane akauliza, "Na fisi wameenda wapi?" Kiongozi akacheka, akasema fisi wameenda motoni. Makofi tena.

Mimi sikupiga makofi, na tangu siku ile jibu lile linanikera.

Kabla sijalijibu, niwaondoe njiani ndugu zetu wa upande mwingine, wanaosema filamu hii ni uchawi mtupu kwa sababu nyani mzee ana vibuyu na marehemu anaonekana mawinguni. Hao nawaomba wasome 1 Samweli 28, kisha waniambie tuifanyeje sura hiyo. Nikubali pia kwamba kiongozi wetu hakukosea kila kitu. Kiu ya wokovu imo kweli katika filamu. Chini ya Scar majani yanakauka, wanyama wanahama, simba jike wanarudi mawindoni bila kitu. Nchi nzima inamngoja mmoja arudi. Paulo katika Warumi 8 anasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja kuwekwa huru, na sijui picha inayolionyesha hilo kwa mtoto kuliko mbuga ile iliyogeuka majivu.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunasikia hata zaidi ya watazamaji wa Marekani. Ngiri anayemlea Simba porini anaitwa Pumbaa, na ndivyo anavyomfundisha: apumbae. Dini yake yote ni maneno mawili, hakuna matata, ambayo leo yamechapwa kwenye fulana za watalii kutoka Mombasa hadi Musanze. Ni injili ya kusahau. Nala anapokuja kumwambia kwamba nyumbani watu wanakufa njaa huku yeye anakula wadudu na kuimba, ndipo furaha ile inapoonekana ilivyo. Hapo naungana na kiongozi wetu kabisa.

Tunapoachana ni hapa. Simba alikimbia kwa sababu Scar alimwaminisha kwamba amemuua baba yake. Anakonda rohoni kwa hatia hiyo miaka mingi. Anaokolewaje? Scar mwenyewe anakiri kwamba ndiye aliyeua, na Simba anagundua kuwa hana kosa. Ni habari njema kwake, lakini je, aliyeua kweli? Filamu haina neno kwa mtu huyo. Anaanguka jabalini na kuliwa, basi.

Sisi hatuwezi kuliacha swali hilo hapo. Mahakama za Gacaca zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimeamua karibu kesi milioni 2. Waliohukumiwa vifungo virefu wanarudi sasa vijijini kwao, wazee, na aliyeokoka anakutana nao kisimani. Hakuna atakayekuja kuwaambia kwamba, kumbe, ni mwingine aliyefanya. Walifanya. Kama tumaini la Kikristo ni kugundua tu kwamba hukuwa na hatia, basi ni tumaini la watu wachache sana, na msalaba ulikuwa gharama ya bure. Mji wetu una kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, watu wanakuja kutoka mbali kusali. Huruma kwa asiye na kosa ingekuwa ya nini?

Sasa fisi. Katika hadithi za bibi zetu fisi ni mjinga anayedanganywa na sungura Bakame kila mara, tunamcheka, na kesho yake yumo tena hadithini. Katika filamu hana kesho. Fisi wanaishi penye makaburi ya tembo, nje ya nuru, na Simba anakatazwa kufika huko. Wana njaa, na wanamfuata Scar kwa sababu amewaahidi chakula. Mmoja wa wale watatu wakuu anaitwa Shenzi. Neno hilo tunalijua. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, wakoloni wakalichukua wakatuita hivyo sote. Ni jina unalompa mtu kabla ya kumfanyia jambo ambalo usingemfanyia mtu.

Filamu iliingia kwenye majumba ya sinema Marekani Juni 1994. Juni hiyohiyo, hapa, redio ya RTLM ilikuwa inawaita Watutsi mende, na waliowasikiliza walikuwa barabarani na mapanga. Siwalaumu wachoraji wa katuni kwa hilo, wala simfananishi mtu yeyote na fisi wao. Nakataa hasa desturi hiyo ya kufananisha. Mwaka 2018, hapahapa Kabuga, makaburi ya halaiki yaligunduliwa chini ya nyumba na viwanja ambamo watu walikuwa wakiishi. Walikuwepo waliojua, na walinyamaza miaka 24. Mei 2019 miili zaidi ya 80,000 ilizikwa kwa heshima Nyanza ya Kicukiro. Kwenye udongo huo ndipo tulipotandika mikeka, tukawaambia watoto kwamba kuna aina nzima ya viumbe ambayo mahali pake ni motoni. Tena wakapiga makofi!

Hata kampuni ya Disney nadhani ilisikia kasoro hiyo, maana katika mfululizo wa televisheni wa The Lion Guard uliokuja baadaye waliweka fisi mwema, Jasiri. Ni mwanzo.

Kiongozi wetu atanijibu kwamba Yesu mwenyewe anaitwa Simba wa Yuda. Ni kweli, Ufunuo 5. Lakini aendelee mistari miwili mitatu: Yohana anaambiwa habari za simba, akitazama anaona Mwanakondoo, kama aliyechinjwa. Mufasa anamfundisha mwanawe kwamba simba hula swala, wakifa huwa majani, na swala hula majani, hivyo mambo yako sawa. Swala hakuulizwa. Isaya 11 haikubali kwamba mambo yako sawa: huko simba ndiye anayekula majani, kama ng'ombe. Mfalme wa filamu anarudi ili kila mnyama arudi mahali pake pa zamani, na sisi mahali pa zamani tunapajua mno.

Zamu ijayo ya kuchagua filamu ni yangu, na nitaonyesha hiihii. Mvulana yule akija nitamfungulia Isaya 11 asome mwenyewe kwa sauti, mbele ya wenzake na mbele ya kiongozi, kisha aulize swali lake upya.