Staa kapiga yowe angani, mnataka mwalimu afukuzwe? Acheni hizo!

Haya wadau, ile klipu mmeshaiona. Staa wetu (jina tunalo, leo hatumtaji) anasomea urubani, miwani myeusi usoni, mwalimu pembeni. Mara king'ora kinalia, ndege inatikisika, pua inadondoka, staa anapiga yowe. Akaiposti na maneno "huyu alitaka kuniua", na komenti zikamiminika: mwalimu anyang'anywe leseni. Staa naye kaapa zoezi hilo harudii, anataka kufundishwa kuruka "kistaarabu".

Mimi niko upande wa mwalimu, na sirudi nyuma.

Kile kitu kinaitwa stoli. Wengi mnadhani ni injini kuzima kama daladala kwenye mlima. Siyo! Injini inaweza kuwa inanguruma freshi kabisa. Tatizo liko kwenye bawa. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa inashindwa kuufuata mgongo wa bawa, na ile nguvu inayoibeba ndege inaporomoka. Dawa yake ni kusukuma usukani mbele ili bawa lishike hewa tena, halafu unaongeza moto, unanyoosha mabawa, ndo unapanda.

Kuandika hivyo ni rahisi. Ila binadamu akiona anaanguka, mkono wake unavuta. Kuvuta ndo kunaua. Kwa hiyo mkono lazima ufundishwe kwenda kinyume na woga wake, na huwezi kuufundisha kwa kuangalia YouTube.

Mnabisha? Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilikuwa inakaribia kutua Buffalo, Marekani. Mwendo ukapungua, usukani ukaanza kutetemeka wenyewe, ambayo ndiyo alamu ya stoli. Kapteni akavuta. Mtambo ukajaribu kusukuma pua chini, yeye akashindana nao. Watu 50 wakafa, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake.

Miezi minne haijaisha, 1 Juni, Air France 447 kutoka Rio kwenda Paris. Vipimo vya mwendo viliganda barafu, rubani msaidizi akainua pua na kuendelea kuvuta. Alamu ya stoli ililia mara 75. Injini zilikuwa zinafanya kazi mpaka ndege inagonga maji. Watu 228. Wachunguzi wa Ufaransa walikuta marubani wale wasaidizi hawakuwa wamefundishwa kurusha ndege kwa mkono wakiwa juu kule.

Hao wote walikuwa na leseni, mjomba. Walikuwa na sare.

Na ukweli mwingine mchungu: kwa miaka mingi marubani wa mashirika walifanyishwa mwanzo tu wa stoli, tena wakisisitizwa wasipoteze urefu. Mtu anayeogopa kupoteza futi mia atasukuma pua saa ngapi? Mwaka 2013 Marekani ikaweka sheria wafanye stoli kamili, kwenye simuleta. Sheria hiyo ililipiwa kwa maiti.

Najua mtasema zoezi lenyewe lina hatari. Ndiyo, lina hatari likifanywa ovyo. Ndo maana mwalimu anapanda juu kwanza, anageuka kushoto na kulia kuhakikisha hakuna ndege nyingine, halafu ndo anapunguza moto. Ile klipu mmeikata mnavyotaka nyie, hayo hamkuyaonesha. Stoli ya hatari ni ile inayokukuta chini, unakata kona ya mwisho kuelekea uwanjani, na ardhi iko palepale.

Mwalimu anayemruhusu staa aruke somo hili kwa sababu ana wafuasi wengi, huyo ndo wa kuripotiwa.

Sasa wewe uliyekomenti "afukuzwe" na vile vimoto vitatu: staa akipata leseni bila zoezi hili, siti ya abiria wa kwanza ni yako. Unapanda?