Handaki si shimo

Katika zoezi la tafsiri la muhula huu tulipewa sentensi yenye neno "bunker", na karibu darasa zima likaandika "handaki". Jibu ni sahihi. Kinachonisumbua ni kwamba wiki hiyohiyo, tulipotafsiri habari za Kasulo, wengi waliandika "handaki" tena kwa mashimo ya wachimbaji. Hapo napinga.

Huko Uskoti, karne ya 16, neno hilo lilitaja sanduku lililotumika pia kama benchi. Zilipokuja meli za mvuke likawa chumba cha makaa ya mawe, na hadi leo mafuta ya meli huitwa hivyo. Wajerumani wakalichukua kwa Waingereza, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia likawa jina la maficho ya askari chini ya ardhi. (Usilitafutie undugu na Bunkeya ya Msiri, masikio hudanganya.) Maana zimehama, ila jambo moja limebaki: ndani kuna kitu kinachotunzwa, na kuta zimejengwa kwa ajili yake.

"Handaki" tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, kwenye mzizi wenye maana ya kuchimba. Mtetezi wa wenzangu angeweza kuishia hapo: kilichochimbwa ni handaki, basi. Lakini asili ya neno haiamui matumizi yake. Waislamu wa Madina walipochimba handaki lao mwaka 627, walilichimba ili adui asiwafikie. Hata leo ukiambiwa watu wako handakini, unawaza kwamba wamejikinga.

Kasulo ni kinyume chake. Tangu 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa huo, watu walichimba uani, wengine ndani ya nyumba zao, wakashuka makumi ya mita. Kinachothaminiwa hutolewa nje. Anayebaki chini ni mtu, na juu yake udongo mtupu. Hapa Kolwezi tunasema "iko mu shimo", na mama anayeambiwa hivyo kuhusu mwanawe hatulii. Andika "wamefia handakini", na msomaji wa Dodoma atauliza ni vita gani.

Najua kwa nini wenzangu wanalikwepa "shimo": linanuka mtaa. Lakini kinachotutofautisha na pwani hapa ni "mu" badala ya "-ni". Nomino ni ileile kuanzia Musonoi hadi Mombasa, na hakuna mwalimu anayeweza kuikata alama kwa sababu ya usanifu.

Anayetaka kutumia "handaki" mgodini alipeleke Kamoto, kwenye njia za chini zenye nguzo na orodha ya walioshuka. Na hata huko, mwaka 1990, sehemu ya kati iliporomoka.