Kidole Chenye Hina na Pumzi ya Mgonjwa



Katibu wa kamati ya msikiti hugongewa mlango usiku kwa mambo mawili: tangazo la msiba na nauli ya mgonjwa. Katika hilo la pili, aghalabu mgonjwa ni mtoto anayesumbuliwa na kifua, na wazazi wanashauriana: apelekwe Ligula sasa hivi, au kusubiriwe alfajiri? Kwa aliye Msimbati, Kilambo au Msanga Mkuu, swali hilo si jepesi. Kuna mwendo mrefu, kwa wengine kuna maji ya kuvuka, na kuna fedha isiyokuwepo. Leo nakusudia kueleza kifaa kidogo kinachosaidia kulijibu, na namna sisi wenyewe tunavyoweza kukipotosha.

Kifaa hicho ni kile kibanio anachovikwa mgonjwa kidoleni, kikaonyesha nambari. Huitwa oksimita. Hakitoboi ngozi wala hakitoi damu. Upande mmoja kina taa mbili, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho; upande wa pili kina kipokezi. Damu iliyobeba oksijeni huupitisha mwanga mwekundu kwa wingi kuliko damu iliyopungukiwa, ilhali kwa infraredi hali hugeuka. Kifaa hulinganisha mianga hiyo miwili kila mshipa unapopiga, kisha hutoa asilimia.

Aliyeibua kanuni hiyo ni Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden ya Japani, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Alikuwa akipima kazi ya moyo kwa mwanga uliopenya sikio, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Badala ya kuyatupa, aliyachunguza, akaona kwamba ndani yake mna habari ya oksijeni. Alifariki mwezi Aprili 2020, wakati ulimwengu mzima ukikihitaji kifaa hicho kwa wagonjwa wa korona.

Faida yake ni kuona lisiloonekana. Oksijeni inaweza kupungua mwilini kabla midomo haijabadilika rangi, na kwa ngozi zetu nyeusi mabadiliko hayo hujificha zaidi. Ni afadhali kutazama ulimi na fizi. Mtu mwenye afya, hasa huku kwetu pwani, husomeka baina ya asilimia 95 na 100. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mtoto mgonjwa aliyeshuka chini ya 90 apewe oksijeni.

Hata hivyo, nambari hiyo ni shahidi mmoja tu, na shahidi huyu ana mambo matatu yanayomtia dosari.

La kwanza limo mikononi mwa akina mama. Rangi ya kucha, hasa iliyokoza, hukinga mwanga. Hina nyekundu haijaonekana kuleta athari kubwa, lakini hina nyeusi na piko ikipakwa ncha ya kidole huweza kuufanya usomaji uwe wa uongo au ukosekane kabisa. Bibi harusi au mzazi aliyepambwa anaweza kufikishwa chumba cha upasuaji ghafla. Si lazima kuacha pambo. Inatosha kuacha ncha ya kidole kimoja au viwili bila kupakwa. Kwa anayeswali hili si geni, kwani amezoea kuondoa rangi ya kucha isimzuilie maji ya udhu. Na aliyekwisha kupakwa amwambie muuguzi, ili kifaa kiwekwe mahali pengine, kama vile kidole cha mguu au ndewe ya sikio.

La pili ni rangi ya ngozi yenyewe. Mwezi Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa waliosomeka baina ya asilimia 92 na 96 kidoleni. Damu yao ilipopimwa maabara, takriban 12 katika kila usomaji 100 wa wagonjwa Weusi ulikuwa kwa hakika chini ya 88. Kwa Weupe walikuwa karibu 4. Kwa hiyo nambari nzuri isitulaze usingizi ikiwa mgonjwa anahema kwa taabu.

La tatu ni upungufu wa damu, ambao malaria huusababisha sana mkoani kwetu. Kifaa husema damu iliyopo imejaa oksijeni kwa kiasi gani. Hakisemi damu yenyewe ni nyingi au chache. Ni kama madau mawili yaliyojaa shehena: yote yamejaa, lakini bandari inahitaji kumi. Mtoto aliyepauka viganja anaweza kusomeka 98, na bado ubongo na moyo wake vinakosa oksijeni ya kutosha.

Basi tuwaite mashahidi wengine. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa aliye chini ya mwaka, na 40 kwa aliye chini ya miaka mitano, ni alama ya kumpeleka zahanati. Akibonyea chini ya mbavu, akikataa kunyonya au akilegea, asingojewe alfajiri. Mkifika, ulizeni kwa adabu: "Oksijeni yake ni ngapi?" Ni haki ya mzazi kujua.

Nazo kamati za misikiti ziulize zahanati zilizo jirani kama oksimita ipo, na kama ipo ya watoto wachanga, maana ya watu wazima haikai sawasawa katika kidole kidogo. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu. Sadaka inayonunua jeneza tumeizoea. Hii nayo inaweza kulifanya jeneza lisihitajiwe mapema.

Wabillahi tawfiq.